Barabara, Reli na Mkongo: Darasa la Ulimwengu Linapopita Nyanda za Juu Kusini

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya, akishaipita Makambako na kushuka hadi Igawa, huingia katika tambarare ya Usangu. Kabla ya kufika Igurusi hukutana na Chimala, mji mdogo wa Wilaya ya Mbarali uliojibanza chini ya ukuta wa milima. Upande wa kusini barabara yenye kona hamsini na saba hupanda kuelekea Matamba na Kitulo. Upande wa kaskazini yametandaa mashamba ya mpunga. Barabara Kuu ya Tanzania na Zambia inapita hapa. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ina stesheni hapa. Miaka ya karibuni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao umefuata ushoroba huohuo kuelekea Mbeya na Tunduma.

Ni watu wachache mno wa Chimala waliowahi kuulizwa njia hizo zibebe nini na zielekee wapi. Shehena hupita kutoka bandarini kwenda kwenye migodi ya shaba, na shaba hupita kurudi bandarini. Mji hunufaika kwa kiasi cha kile unachoweza kupakia na kupakua. Makala haya yanauliza swali hilohilo kuhusu elimu: njia mpya inapopita, nani anapakia, nani anapakua, na nani anasimama kandokando akitazama?

Swali hili lina uzito leo kwa sababu vyuo vikuu vyetu, kuanzia vya Dar es Salaam hadi vya Iringa na Mbeya, vinahimizwa kuingia katika kile kinachoitwa ujifunzaji wa kimataifa wa mtandaoni. Maana yake ni kwamba wanafunzi wa nchi mbili au zaidi husoma kozi moja pamoja, wakifundishwa na wahadhiri wa pande zote, kila mmoja akiwa kwao. Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kiliunda kituo maalumu cha ufundishaji wa namna hiyo mwaka 2006, na tangu 2021 Umoja wa Ulaya umezijumuisha nchi za Afrika kusini mwa Sahara katika mpango wake wa mabadilishano ya mtandaoni. Hoja inayotolewa ni nzuri. Mtoto wa mkulima wa mpunga hana nauli ya ndege wala uhakika wa viza. Basi na aupate ulimwengu akiwa kwao.

Lakini ahadi hii si mpya. Imewahi kutolewa kwa njia ya posta, kwa redio na kwa setilaiti. Historia ya ahadi hizo inaonyesha kwamba chombo hakikuwahi kuwa ndicho kilichoamua matokeo. Kilichoamua ni mambo matatu: nani aliandika mtaala, somo lilitolewa kwa lugha gani, na nani alikuwa karibu na mwanafunzi pale aliposhindwa kuelewa.

Enzi ya bahasha na mitihani ya London

Kusomea chuo cha ng'ambo bila kuvuka bahari kulianza kabla ya Wajerumani kufika Usangu. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilipata hati ya kifalme iliyokiruhusu kuwatahini watu ambao hawakuwahi kuketi katika madarasa yake. Tangu hapo shahada ya London ikawa kitu ambacho mtu angeweza kukitafuta akiwa mbali, almuradi afaulu mtihani. Nelson Mandela aliisomea sheria ya London akiwa mfungwa. Katika Afrika Mashariki ya kikoloni, karani au mwalimu wa shule ya misheni aliyetaka kusonga mbele aliweza kuagiza masomo kutoka vyuo vya posta vya Uingereza kama Wolsey Hall cha Oxford, akasoma kwa taa ya mafuta baada ya kazi, akatuma majibu, kisha akasubiri meli irudishe masahihisho.

Hata pale chuo kilipojengwa kwenye ardhi yetu, utaratibu ulibaki uleule. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, iliingia mwaka 1949 katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wakawa wanasoma Kampala huku wakitunukiwa shahada ya London. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, wiki chache kabla ya Uhuru, kilianza vivyo hivyo: kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi wasiofika ishirini, na shahada ya London. Katika shule za sekondari, karatasi za mtihani za Cambridge zilisafiri kwenda na kurudi baharini.

Tusiubeze mfumo huo. Uliwapa vijana wa Kiafrika cheti ambacho hakuna afisa wa kikoloni aliyethubutu kukidharau, na wengi wa viongozi wa kizazi cha Uhuru walipita humo. Hata hivyo, uamuzi kuhusu kipi ni elimu na kipi si elimu ulibaki London. Mwanafunzi wa Dar es Salaam aliweza kufaulu vizuri bila kuulizwa hata swali moja kuhusu nchi iliyomzunguka. Ndiyo maana ujenzi wa vyombo vyetu wenyewe ulikuwa jambo la kisiasa kabla ya kuwa jambo la kitaaluma. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1963. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama peke yake mwaka 1970. Baraza la Mitihani la Tanzania likaanzishwa kwa sheria mwaka 1973. Kila hatua ilikuwa ya kurejesha nyumbani haki ya kutunga swali.

Redio, kikundi na miaka ambayo Dar es Salaam ilifundisha

Wakati huohuo jaribio jingine la elimu ya masafa lilikuwa likiendelea, nalo halikuwa la shahada. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyochipuka kutoka idara ya Makerere iliyofungua tawi Dar es Salaam mwaka 1960, ilianza mwishoni mwa muongo huo kutumia Redio Tanzania kuendesha kampeni za kitaifa za elimu. Iliyokuja kujulikana kuliko zote ilikuwa "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walishiriki, wakiwa wamejigawa katika makumi ya maelfu ya vikundi, na kampeni ikaacha mamia ya maelfu ya vyoo vilivyochimbwa au kukarabatiwa. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai".

Inafaa kuutazama kwa makini utaratibu wake, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo miradi mingi ya baadaye ililisahau. Redio haikuachwa ifundishe peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Wanakikundi walikutana mahali pamoja, wakasikiliza kipindi, mmoja akasoma kwa sauti sehemu ya kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, wakajadili, kisha wakaamua watafanya nini kabla ya kukutana tena. Sauti ilitoka mbali, lakini maana ilitengenezwa pale chini ya mwembe au kwenye chumba cha darasa.

Mbinu yenyewe haikuzaliwa hapa. Ilikuwa na ndugu zake katika vikundi vya kujisomea vya Uswidi na mabaraza ya redio ya wakulima wa Kanada. Kwa maana hiyo ilikuwa elimu ya kimataifa, ila iliyoazimwa kwa hiari, ikakatwa na kushonwa upya kwa kipimo cha mvaaji. Baada ya kushonwa upya, ikasafirishwa nje. Paulo Freire alifika Dar es Salaam mwaka 1971 na kukutana na watafiti na waelimishaji waliokuwa wakihoji kwa nini mwanakijiji awe kitu cha kuchunguzwa badala ya kuwa mchunguzi. Kutokana na kazi za watu kama Marja-Liisa Swantz na Budd Hall pamoja na wenzao Watanzania, utafiti shirikishi ulijengwa na kupata jina lake hapa katika miaka hiyo, kisha ukaenea hadi vyuo vikuu vya Toronto, Helsinki na Delhi. Mwaka 1976 Baraza la Kimataifa la Elimu ya Watu Wazima lilifanya mkutano wake wa kwanza wa dunia Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere ndiye aliyeufungua.

Elimu ya masafa ilibeba hata mzigo wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 nchi ilihitaji walimu wengi kuliko vyuo vya ualimu vilivyoweza kutoa. Kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa kazini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na msaada wa wakufunzi waliowafuata shuleni. Zaidi ya 35,000 walihitimu.

Kipindi hicho kisipambwe kupita kiasi. Miaka hiyo hiyo ndiyo ya Operesheni Vijiji, ambapo watu walihamishwa bila ridhaa yao, na mtaala wa redio ulitungwa Dar es Salaam chini ya chama kimoja. Mkulima wa Usangu alikuwa na nafasi ya kujadili namna ya kuchimba choo, si namna ya kumpinga katibu wa chama. Lakini kwa upande wa mbinu, somo ni wazi. Teknolojia iliyokuwapo ilikuwa dhaifu kuliko simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi wa leo, na bado ilifika mbali, kwa sababu ilitangulia kuandaa watu, lugha na mahali pa kukutania.

Setilaiti kutoka Washington

Mwaka 1997 ilikuja ahadi kubwa zaidi. Benki ya Dunia, kutoka makao yake makuu Washington, ilianzisha mradi uliojulikana kama Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika. Nchi za kwanza zilikuwa Ethiopia, Ghana, Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe. Vyuo kama Kenyatta, Makerere na Dar es Salaam vilipokea vifaa vya setilaiti. Mhadhara ulitolewa katika chuo cha ng'ambo, ukapaa angani, ukashuka kwenye skrini ya ukumbi barani Afrika. Picha ilikwenda upande mmoja tu. Mwanafunzi alimwona mhadhiri, mhadhiri hakumwona mwanafunzi. Mwenye swali alitumia simu au barua pepe.

Muktadha wa mradi huo haupaswi kusahauliwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 serikali zetu, zikiwa chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, zilikuwa zimebana matumizi ya vyuo vikuu. Wahadhiri wengi walihama au waligeukia kazi za ushauri ili waishi, na maktaba zilikaa miaka bila kununua majarida mapya. Taasisi iliyokuwa mstari wa mbele kushauri nchi za Afrika zielekeze fedha kwenye elimu ya msingi badala ya vyuo vikuu ndiyo sasa iliyoleta chuo kikuu cha angani. Wasomi wengi wa Kiafrika waliiona kinaya hiyo na kuisema.

Matatizo ya kila siku yalikuwa ya kawaida kabisa. Saa za mashariki ya Marekani ziko nyuma ya zetu kwa saa saba au nane, hivyo mhadhara wa asubuhi kule ni wa jioni kwetu. Umeme ulikatika. Kalenda za vyuo hazikulingana. Sehemu kubwa ya awamu ya kwanza ilikuwa kozi fupi na semina ambazo hazikuingia katika shahada za vyuo vyetu. Mifano iliyotolewa na mhadhiri ilitoka katika viwanda na masoko ambayo mwanafunzi hakuwahi kuyaona, na hakukuwa na mtu ukumbini mwenye mamlaka ya kitaaluma ya kusema: hapa kwetu jambo hili huwa hivi.

Haki inatudai tueleze pia kilichofuata. Mwaka 2002 makao makuu ya chuo hicho yalihamia Nairobi, na mwaka 2003 serikali kadhaa za Afrika zikatia saini mkataba wa kukifanya chombo cha kiserikali. Baadaye, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, wasomi kutoka nchi kumi za Afrika, Tanzania ikiwamo, waliandika moduli 73 za hisabati, sayansi, teknolojia ya habari na ualimu, zikawekwa wazi kwa yeyote kuzitumia bila malipo. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa kalamu ilihama mikono. Moduli hizo zilitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Lugha inayozungumzwa na watu wengi kuliko nyingine yoyote ya Afrika Mashariki haikuwamo. Kati ya mambo matatu niliyoyataja, moja lilikuwa limepatikana, nalo ni nani anaandika. Mawili yalibaki nje ya mlango.

Chuo Kikuu Huria na mkongo wa bahari

Wakati setilaiti ikisifiwa, Tanzania ilikuwa tayari imeanza njia yake ya polepole. Kamati iliyoongozwa na Nicholas Kuhanga ilipendekeza chuo kikuu cha masafa, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikaanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992. Geoffrey Mmari alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, na wanafunzi wa kwanza walianza mwaka 1994. Hakikuwa na skrini wala ukumbi wa fahari. Kilikuwa na vitabu vilivyochapwa, vituo vya mikoa, Mbeya na Iringa vikiwamo, na vipindi vya ana kwa ana ambapo mwalimu wa sekondari, polisi, muuguzi na afisa mtendaji walikutana na mhadhiri. Mtumishi wa umma aliyehitimu huko anajua kwamba kituo cha mkoa ndicho kilichomvusha, kwa sababu pale alikuta wenzake wa kusoma nao.

Chuo hicho kiliingia pia katika ushirikiano wa kimataifa kwa masharti tofauti kidogo. Kiliendesha shahada ya uzamili ya maendeleo ya uchumi wa jamii pamoja na Chuo Kikuu cha Southern New Hampshire cha Marekani, ikifundishwa hapa nchini. Kilikuwa mshirika wa mpango wa TESSA ulioanza mwaka 2005 ukiongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kwa ajili ya mafunzo ya walimu Afrika. Vifaa vya TESSA vilitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Kwa hiyo anayesema kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba ushirikiano wa kitaaluma wa kimataifa anajibiwa na jambo lililokwisha kufanyika.

Kisha ikaja mikongo ya baharini: SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti ghali. Baada ya hapo kasi ilipanda na bei ikashuka, na Mkongo wa Taifa ukapeleka njia hiyo bara. Kwa mara ya kwanza ilikuwa rahisi kwa mhadhiri wa Iringa kuonana uso kwa uso na mwenzake wa Ulaya bila mmoja wao kupanda ndege.

Mtihani wa mwaka 2020

Kipimo kilikuja bila kubisha hodi. Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, vyuo vikuu vya Tanzania vilifungwa pamoja na shule, na wanafunzi wakarudi makwao. Vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni. Katika miezi hiyo ilidhihirika kwamba mkongo unaopita kando ya barabara kuu haukuwa umefika katika kitanda cha mwanafunzi. Aliyekuwa kijijini hakuwa na kompyuta, na simu yake ilitegemea bando alilojinunulia mwenyewe. Vyuo vichache tu viliweza kuendelea kufundisha kwa mtandao, na hata huko si kila mwanafunzi aliyefikiwa.

Aprili mwaka uliofuata, wakati viwango vipya vya bando vilipotangazwa, kelele za wananchi zilikuwa kubwa kiasi cha kusitisha utekelezaji wake mara moja. Wengi waliulichukulia tukio hilo kama ugomvi wa wapenzi wa mitandao ya kijamii. Ulikuwa pia ugomvi kuhusu ada ya elimu. Bando likipanda, darasa la mtandaoni limepandishwa ada, hata kama hakuna baraza la chuo lililokaa kuamua hivyo.

Jirani zetu wanatupa mfano wa kulinganisha. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, tangu 2013 Chuo Kikuu cha York cha Kanada, kwa kushirikiana na vyuo vya Kenyatta, Moi na British Columbia, kimekuwa kikitoa masomo ya chuo kikuu kwa wakimbizi na wenyeji. Huko kuna joto, vumbi, umeme wa shida na hatari za usalama. Hata hivyo programu ilisimama, na wapo waliopata shahada. Sababu mojawapo ni kwamba haikuwa ya mtandao mtupu. Palijengwa kituo cha kusomea chenye kompyuta, wahadhiri wa vyuo vya Kenya walifika kufundisha ana kwa ana, na wanafunzi waliunda vikundi vyao. Dadaab ya 2013 na kikundi cha redio cha 1973 vinasema jambo moja: elimu ya mbali huhitaji mtu wa karibu.

Usangu kama mwalimu

Turudi kwenye tambarare ya mpunga, kwa sababu huko ndiko yanakoonekana mambo yanayoweza kupotea pale maarifa yanaposafiri upande mmoja tu.

Maji yatokayo Usangu huingia Mto Ruaha Mkuu, hupita katika kinamasi cha Ihefu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha hufika Mtera na Kidatu, mabwawa ambayo kwa miongo mingi yalikuwa tegemeo la umeme wa nchi. Tangu miaka ya 1990 mto ulianza kukauka hifadhini wakati wa kiangazi, na lawama zikawaangukia wakulima na wafugaji wa huku juu. Kuanzia mwishoni mwa muongo huo bonde hili likawa miongoni mwa mabonde yaliyochunguzwa sana barani Afrika. Miradi ya utafiti ya SMUWC na RIPARWIN, iliyofadhiliwa na Uingereza, iliwaleta pamoja watafiti wa Kitanzania, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na wenzao wa Chuo Kikuu cha East Anglia.

Walichokikuta kilikuwa tofauti na lawama zilizozoeleka. Kukauka kwa mto wakati wa kiangazi na upungufu wa maji Mtera ni mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa, kwa kuwa bwawa hujazwa hasa na maji ya masika, si na vijito vya kiangazi. Watafiti hao walitumia pia mchezo wa bonde la mto: ubao ulioinamishwa, gololi zikiwa maji, na vijiti vikiwa matoleo ya mifereji. Wakulima wa juu na wa chini walikaa pamoja kuuzunguka, wakacheza, wakaona kwa macho namna anayechukua kwanza anavyomwacha wa mwisho bila kitu, kisha wakajadili zamu za maji. Mchezo huo ukaingia katika maandiko ya kitaaluma na kutumika nje ya Tanzania.

Ndiyo kusema kwamba mkulima wa Usangu amekwisha kuwa mwalimu wa ulimwengu. Ujuzi wake wa kugawana maji umesomwa katika vyumba vya semina huko Uingereza. Lakini sehemu kubwa ya matokeo hayo ilichapishwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo mkulima hayafikii na ambayo mtumishi wa wilaya hana mazoea ya kuyasoma. Mwaka 2006, nchi ikiwa katika mgao mkali wa umeme, uamuzi wa kuwaondoa wafugaji Usangu ulitekelezwa kwa haraka, na mwaka 2008 eneo la Ihefu likaunganishwa na hifadhi ya taifa. Mtu anaweza kuutetea uamuzi huo kwa sababu za uhifadhi, na wapo wanaoutetea kwa nia njema. Ambacho ni vigumu kukitetea ni kwamba mjadala wa hadhara uliendeshwa kana kwamba utafiti wa miaka yote ile haukuwahi kufanyika. Maarifa yalikuwa yamepita Chimala kama shehena, yakashushwa mbali.

Hebu basi tuifikirie kozi ya mtandaoni kuhusu maji, ya muhula mmoja. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na wa Chuo Kikuu cha Iringa wanasoma pamoja na wenzao wa Uingereza, Malawi au Kenya. Mtaala unaandikwa na wahadhiri wa pande zote. Viongozi wa vyama vya watumia maji wa Mbarali wanafundisha kwa Kiswahili, na wanafunzi wetu ndio wanaowatafsiria wageni, na kwa kazi hiyo wanapata alama. Ripoti ya mwisho inaandikwa kwa lugha mbili na nakala inabaki ofisi ya wilaya. Katika kozi ya namna hiyo mwanafunzi wa Ulaya ndiye angekuwa na mengi zaidi ya kujifunza, nasi tungekuwa na kitu cha kupakia.

Hitimisho: maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

Fedha na sera zipo njiani. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 425 kwa mradi wa HEET wa kuimarisha elimu ya juu nchini. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliitangaza jumuiya yetu kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Mitandao ya utafiti kama TERNET hapa nchini na UbuntuNet yenye makao yake Malawi inaunganisha vyuo. Kwa hiyo hakuna sababu neno "kimataifa" liendelee kumaanisha kaskazini mwa dunia pekee. Mbeya iko karibu zaidi na Malawi na Zambia kuliko ilivyo na Dar es Salaam, na bado ni rahisi kumkuta mwanafunzi wetu akijadiliana kwa skrini na mwenzake wa Ujerumani kuliko na wa Mzuzu.

Kwa wanafunzi: mnapoandikishwa katika kozi ya namna hii, ulizeni kama inahesabika katika shahada yenu, nani analipia bando, na kama mwenzenu wa upande wa pili atapata baadaye nafasi ya kuja huku ilhali ninyi mtabaki kwenye skrini. Mtandao ukigeuzwa kuwa sababu ya kuwanyima watu wa kusini safari ambayo wenzao wa kaskazini wanaendelea kuifanya, utakuwa umejenga ukuta mwingine wa viza.

Kwa wanaharakati: bei ya data, umeme wa uhakika na haki ya kutumia mtandao bila kuzimiwa ni madai ya elimu, na yanastahili kudaiwa kwa jina hilo.

Kwa watumishi wa umma, hasa wa Wizara, wa Tume ya Vyuo Vikuu na wa halmashauri: kila mkataba wa ushirikiano wa mtandaoni uulizwe mambo matatu. Nani ameandika mtaala, na mhadhiri wa hapa ana mamlaka gani juu ya mtihani? Kiswahili kina nafasi gani ndani yake? Na nje ya makao makuu ya mikoa, je, kuna chumba chenye umeme, kompyuta na mwezeshaji? Katika miji kama Chimala, Igawa na Ilembula kuna shule za sekondari na vituo vya walimu. Kufungua vyumba hivyo jioni, kuvipatia intaneti na kumlipa mwalimu mmoja posho ya kuongoza kikundi ni kazi ambayo halmashauri inaweza kuianza kwa bajeti ya mwaka mmoja wa fedha, bila kusubiri mfadhili wala mkongo mwingine.